Mtoto kaniuliza kwa nini Karaba ni mbaya, nikabaki mdomo wazi

Shangazi Mdogo

Habari zenu wadau. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na najua humu wamo walimu, wachoraji na walezi wenzangu. Naombeni mnisaidie.

Ninalea binti wa kaka yangu, ana miaka 7. Jumamosi mvua ilitufungia ndani kutwa, nikamwekea ile katuni ya Kirikou na mchawi Karaba. Kwa asiyeijua, ni filamu ya mwaka 1998 ya Mfaransa Michel Ocelot, aliyeichota kwenye hadithi ya Afrika Magharibi. Kijiji kimekaukiwa chemchemi. Wanaume walikwenda kupigana na mchawi hawakurudi, watu wanaamini kawala. Wanawake wanapokonywa dhahabu hadi kipande cha mwisho. Katikati ya balaa hilo anazaliwa mtoto asiyefika hata gotini, aliyeanza kuongea angali tumboni, akajizaa mwenyewe na kitovu akakikata mwenyewe. (Hapo binti alicheka mpaka akateleza kwenye kochi.)

Sauti zilikuwa za Kifaransa, maandishi ya chini ya Kiingereza, mkalimani mimi. Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kirikou anauliza kila mtu swali moja tu: kwa nini Karaba ni mbaya? Mama yake hana jibu. Mjomba hana. Wazee ndio kabisa, wanamfukuza asiwasumbue. Na mwanangu pembeni naye akaanza: "Shangazi, kwa nini lakini?" Nikamwambia subiri, mbele watasema.

Hatukufika mbele salama. Mama yangu, yaani bibi yake, alitoka chumbani akakuta wanawake wa kijijini wanatembea vifua wazi, nguo ni ya kiunoni tu. Hakusema neno. Alivuta kitambaa cha meza, vikombe vikabaki vinatetemeka, akakitupia juu ya tivi. Picha ikafunikwa, sauti ikaendelea. Mtoto akasogea akachungulia kwa chini kama anayetafuta kiatu uvunguni.

Tulipokuja kuruhusiwa kufunua, Kirikou ameshafika kwa babu yake, yule mwenye hekima ndani ya mlima. Babu ndiye mtu wa kwanza anayekubali kujibu. Anasema Karaba ni mbaya kwa sababu anaumwa, usiku na mchana. Kuna wanaume walimkamata wakamshindilia mwiba wenye sumu kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya mwiba huo ndiyo yaliyompa uchawi. Na hataki utolewe, kwa sababu kuutoa kunauma kama kuchomwa upya, na ukitoka nguvu zake zimekwisha.

Nikatafsiri. Binti akauliza: "Kwa nini walimkamata?"

Jamani, mimi nikasema, "Hawakumpenda."

Jibu hilo linaniaibisha hadi leo. Kila mtu mzima akiiona ile picha, wanaume kadhaa na mwanamke mmoja aliyebanwa chini, anajua anachoambiwa. Nilijua, na nikakwepa. Mwenzangu ungesemaje kwa mtoto wa miaka 7? Na jambo la pili: je, bibi ana haki? Hiyo ni picha yetu, au ni picha ya Mfaransa anayeuza vifua vya watu weusi akaita sanaa?

Nawasilisha.

Mzee Kigoda

Binti yangu, pole. Mimi nasimama na bibi. Kila wakitaka kutuonyesha sisi, lazima tuwe uchi na tuwe na mchawi. Watoto wa kwao wanachorewa magauni yanayofagia sakafu, wetu kamba kiunoni. Kitambaa cha meza kilikuwa na kazi yake siku hiyo.

Kalamu ya Mkaa

Mzee wangu shikamoo. Nakuheshimu, ila hapa nitakupinga kidogo. Mimi nachora, ndiyo riziki yangu, na ile filamu nimeitazama mara nyingi nikiisimamisha kila baada ya hatua mbili.

Tazama tena wale wanawake, na safari hii utafute ni nani ndani ya filamu anayewatazama vifua. Hutamwona. Wanateka maji, wanapondaponda, wanagombana, wanabeba watoto. Mchoraji hajasogeza jicho la kamera mahali pa kutamanisha hata mara moja. Mimi nimechora matangazo ya sabuni ambapo mwanamke amevaa hadi shingoni na bado nilielekezwa nimkunje kiuno vile mteja anavyotaka. Nguo haisemi kila kitu. Wako wasambazaji wa Uingereza na Marekani waliosita kuichukua filamu hii kwa sababu ya vifua hivyohivyo, na Ocelot akagoma kuwavisha watu wake sidiria. Kwa hiyo bibi na hao wasambazaji wako meza moja, sijui kama atafurahi kusikia.

Sasa swali la picha ni ya nani. Hapo pana utamu. Ocelot ni Mfaransa lakini utoto wake ulipita Conakry, Guinea. Sauti zimerekodiwa Dakar, Karaba ameigizwa na Awa Sène Sarr, muziki ni wa Youssou N'Dour. Ukifumba macho, unasikia Senegal. Ukifumbua, michoro imetembezwa na mafundi wa studio za Riga na Budapest, Latvia na Hungaria huko. Na ule msitu, yale majani mapana yaliyopangwa moja moja kama yamefuliwa na kupigwa pasi, yanamfuata Henri Rousseau, mchoraji wa Paris aliyechora misitu ya joto bila kutoka Ufaransa maisha yake yote. Aliiona kwenye bustani za mimea.

Kwa hiyo miti ni ya mtu ambaye hajafika. Lakini nyuso si za kukejeli, na hilo kwetu wachoraji ni kubwa. Katuni za zamani za Ulaya na Marekani zilimpa Mwafrika midomo ya kujaa uso mzima na macho ya kutumbuka. Hapa watu wamechorwa kwa upande, shingo imenyooka, kama michoro ya kuta za Misri ya kale. Karaba anapotoka kwenye kibanda chake na dhahabu shingoni, yule ni malkia kabla hajawa mchawi.

Hasimu wa Katuni

Kalamu, umeandika vizuri lakini umekwepa la Mzee Kigoda. Uchi si shida yangu. Shida yangu ni kwamba kijiji kile hakina mwaka. Hakuna barabara, hakuna shule, hakuna jirani, hakuna hata jina la nchi.

Kalamu ya Mkaa

Si hadithi hiyo mkuu? Paukwa, pakawa. Umewahi kusikia bibi anakutajia mwaka aliozaliwa sungura?

Hasimu wa Katuni

Sawa, lakini bibi alinisimulia ya sungura usiku, asubuhi nikaamka nikapanda basi. Najua dunia zote mbili. Mtoto wa Ulaya naye leo anaona kasri la zamani kwenye katuni moja, kesho anaona katuni nyingine ya mtoto mwenye baiskeli na mama anayefanya kazi benki. Anazo picha elfu za kwao. Sisi katupa moja, nayo ni kijiji kisicho na mwaka. Nikilaumu, silaumu kijiji. Nalaumu ile moja.

Na si kwamba hapakuwa na wengine. Moustapha Alassane wa Niger alitoa katuni yake ya rais wa vyura anayefunga safari mwaka 1966. Hesabu mwenyewe, miaka 32 kabla ya Kirikou! Kejeli ya siasa tupu, kwa mkono wa Mwafrika. Kirikou akabeba tuzo kuu ya Annecy, lile tamasha la katuni la Ufaransa, mwaka 1999, Ufaransa peke yake wakaenda sinema zaidi ya watu milioni 1. Sasa ingia mtaani uulize nani anamjua Alassane. Huyo ndiye anayeniuma mimi, si vifua.

Shangazi Mdogo

Asanteni, nimesoma yote. Hasimu, hilo la "ile moja" limenikaa. Lakini wadau, mmeona tunachofanya? Nimeuliza mambo mawili. La kifua limepata majibu ya kutosha gazeti, la mwiba hakuna aliyeligusa. Ni yale yale ya sebuleni kwangu. Mama kaona kifua akavuta kitambaa. Mwiba ulipotajwa alikuwa amekaa hapohapo anachambua mchele, hakuinua hata kichwa.

Mwalimu wa Tatu

Dada, nimekusoma tangu jana na nilikuwa nasubiri watu wa vifua wamalize.

Nafundisha darasa la 3. Hadithi hiyo huwa nawasimulia kwa mdomo, bila filamu, na nimeshajikwaa hapohapo ulipojikwaa. Mara ya kwanza nilisema "watu wabaya walimchoma mwiba" nikapita haraka. Mtoto mmoja akanirudisha: "Mwalimu, yeye ndiye mbaya au wao?" Tangu siku hiyo nasema hivi, kwa maneno haya haya: walimshika kwa nguvu, hakutaka, wakamuumiza mwili wake, na kosa lilikuwa lao. Basi. Siongezi. Mtoto wa miaka 7 atauliza anachoweza kukibeba, kingine atakirudia akiwa na 12. Ila usiseme "hawakumpenda", maana mtoto ataondoka anajua kwamba asiyependwa ndiye anayeumizwa, na siku yakimfika atadhani alikosa kupendeka. Samahani kwa ukali wangu.

Ukipata nafasi, mwambie pia kwamba Karaba alikaa na mwiba wake kimya, hakuna aliyejua isipokuwa mzee mmoja mlimani. Halafu muulize, wewe ungemwambia nani? Mwache ataje majina. Sikiliza majina hayo vizuri, na yale asiyoyataja.

Nikupe la darasani. Nina kijana mmoja, fundi wa ngumi, hakuna wiki inayopita bila kumtoa mtu machozi. Nilipomaliza kusimulia, jirani yake wa dawati akamgeukia akamuuliza, "Na wewe mwiba wako uko wapi?" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Aliinama akawa anafuta daftari ambalo halikuwa na kitu cha kufuta. Nilimwita baada ya kengele, na yaliyofuata si ya kuandika humu.

Jambo jingine dogo: neno "mchawi". Ulitafsiri hivyo?

Shangazi Mdogo

Mwalimu, ukali nimeupokea, nilistahili.

Ndiyo, nilisema mchawi. Ningesema nini? Na hapo pia nilijuta, nilisahau tu kuandika. Kwa Mfaransa yule ni mwanamke wa kwenye hadithi, ana ufagio au hana. Kwetu hilo ni neno la jirani. Binti aliposikia tu "mchawi" akauliza kama Karaba ana macho mekundu kama yule bibi wa nyumba ya nyuma. Nilishtuka. Sijui kamsikia nani akisema hivyo, na bibi wa watu macho yake ni ya moshi wa kuni tu.

Mwalimu wa Tatu

Basi hapo filamu inakufanyia kazi kuliko unavyofikiri. Kumbuka mwisho: uchawi umeshamtoka, amesimama mikono mitupu, na wanakijiji bado wanataka kumuua. Waliteswa naye kweli, dhahabu zao, maji yao, hasira wanayo. Lakini aliyesimama pale ni mwanamke tu. Mwonyeshe mtoto hapo. Kisha mpeleke nyumba ya nyuma akamwamkie yule bibi.

Bi Hoja

Mimi naomba niwe mkorofi. Nakubali yote ya mwiba. Ile namna unavyotolewa ndiyo kipande bora kabisa: Kirikou anachimba njia chini ya ardhi kwa jambia la baba yake, anaiba dhahabu za Karaba na kuzifukia porini, kwa kuwa anajua hamwamini mtu mwingine kuzifukua. Akija atainama mwenyewe, na akiinama mgongo uko juu. Mtoto anaruka, anaung'oa kwa meno. Ule ukelele! Halafu maua yanaota pande zote. Mimi hulia kila mara, na nina miaka 41.

Lakini dakika chache baadaye anamwomba amuoe. Mama wa watu ndiyo kwanza mwiba umetoka, hata kidonda hakijafunga! Karaba anamjibu vizuri, kwamba yeye ni mtoto. Kirikou anaomba basi busu, anabusiwa, papo hapo anarefuka kuwa mwanamume mzima. Shida imekwisha. Kwa nini mwanamke akipona lazima tumkabidhi kwa mtu? Asingeweza kukaa zake hata msimu mmoja, achote maji ya chemchemi, alale usingizi ambao hajalala miaka yote hiyo?

Kalamu ya Mkaa

Bi Hoja, ni hadithi ya watoto, lazima mtu aolewe mwishoni.

Bi Hoja

Ndiyo maana nimeuliza.

Mzee Kigoda

Nimesoma la mwalimu mara mbili. La mwiba sikulijua, sikuwahi kuitazama hadi mwisho. Mjukuu wangu amenitafutia, nitaiangalia leo.

Shangazi Mdogo

Wadau, nimerudi na mrejesho. Samahani ni mrefu.

Jana usiku niliiweka tena. Kabla ya yote nilimkalisha binti, nikamwambia lile jibu langu la siku ile halikuwa kweli. Nikatumia maneno ya mwalimu kama yalivyo. Walimshika kwa nguvu, hakutaka, wakamuumiza mwili wake, kosa lao. Alinitazama kidogo akasema, "Najua." Hiyo "najua" sikuilalia. Leo asubuhi wakati wa kusuka nywele, nikiwa nyuma yake hatutazamani usoni, nilimuuliza angemwambia nani. Ametaja watu 4. Bibi ni wa kwanza, mimi ni wa tatu, nimekubali. Hakuna jina lililonitisha, ila nitaendelea kuuliza.

Sasa mama. Alikuja akakaa, kitambaa cha meza kipo karibu, namwona anakipima kwa jicho. Vifua vikapita. Akaguna, akavumilia. Tulipofika kwa babu mlimani nilitafsiri kwa sauti, safari hii bila kupunguza kitu. Mama akaacha mchele. Karaba alipoinama kufukua dhahabu, mama alisogea mbele kwenye kiti, na Kirikou aliporuka na kuuma, akasema kwa sauti ya chini, "Mwiba hutokea ulipoingilia." Msemo wenyewe nimeukulia, lakini sikuwahi kumsikia akiusema namna ile. Sikumuuliza kitu. Mama yangu ana miaka 68 na kuna mambo nimeyajua kwa namna anavyofunga mlango.

Kisha ukaja mwisho. Wanakijiji wanataka kumuua Karaba, ngoma zinasikika kwa mbali, babu anafika, na nyuma yake wale wanaume wote waliodhaniwa wameliwa. Kumbe aliwageuza sanamu za kumtumikia, na mwiba ulipotoka nao wakarudi kuwa watu. Kila mwanamke anakimbilia wake. Ni furaha tupu, mimi mwenyewe nilikuwa natingisha mguu.

Binti akauliza: "Na wale waliomchoma mwiba wako wapi?"

Nikasema filamu haisemi.

Akanyoosha kidole kwenye tivi. "Si ndio hawa wanaopiga ngoma?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo. Nimeitazama hiyo filamu mara 3 na sijawahi kuwaza kwamba kati ya wale wanaokumbatiwa anaweza kuwemo mmoja aliyeshika mkono, au aliyeshika mguu. Nikageuka kumwangalia mama anisaidie.

Mama alikuwa ameshavaa miwani. "Hebu rudisha nyuma," akasema. "Niwatazame nyuso."

Tumerudisha mara 4. Wanapiga ngoma tu.